Fidia ya Likizo ya Furaha

Hebu niambieni nyie mnaosikiliza: ugonjwa ukiingia nyumbani kwa mtu, huvua viatu mlangoni? Hupiga hodi? Huacha nyayo kwenye sakafu, ili baadaye aje mtu na futi kamba azipime? Msicheke. Iko nchi ambayo maswali hayo yaliandikwa kwenye karatasi ya serikali, yakagongwa mhuri, na mwanamke mmoja akatakiwa kuyajibu kwa wino mweusi.

Jina la nchi hiyo limesahaulika. Waliokuwa wakilijua walishauriwa kwa upole wasilikumbuke tena, na ushauri wa upole katika nchi ile uliletwa na watu wawili wenye miwani myeusi, ndani ya gari jeupe lisilo na namba. Walikuwa watu wa adabu sana. Walifuta miguu kabla ya kuingia, walimwita kila mtu "ndugu", na walipoondoka na mtu walikumbuka kuzima jiko lake ili mboga isiungue.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Bi. Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli. Alikuwa na viti vyeupe vya plastiki mia mbili na arobaini, maturubai manne, moja lina kiraka cha kitambaa cha bluu, masufuria tisa ya kupikia pilau ya watu mia, na miiko ya mti iliyokuwa imeingia weusi kwa miaka ya vitunguu. Mumewe, Tindwa, ndiye aliyeandika namba chini ya kila kiti kwa rangi nyekundu, kuanzia moja hadi mia mbili na arobaini. Kiti namba kumi na saba kilivunjwa mguu na mjomba wa bwana harusi mmoja aliyekuwa na mwili wa kutosha watu wawili. Tindwa alikifunga kwa waya wa shaba, akakataa kisitupwe.

"Kiti ni kama mume, mama," alimwambia mkewe. "Kikivunjika mguu unakifunga, hukitupi."

"Na kikianza kukoroma?" aliuliza Sikudhani.

"Hapo unakigeuza ubavu."

Basi katika nchi ile viti vilikuwa na lugha yake, na kila mtu aliijua tangu utotoni. Kwa harusi vilipangwa safu safu, vikaelekea meza ya maharusi. Kwa msiba vilipangwa duara, na katikati ya duara kikawekwa kiti kimoja kitupu. Watu wote walisimama. Wanaume walivua kofia, wanawake walipandisha kanga kutoka mabegani hadi kichwani. Mfiwa alisimama nyuma ya kile kiti akasema, "Kiti hiki ni cha fulani. Kaeni nami." Umati ukajibu kwa pamoja, "Tumekaa." Ndipo wakakaa, na ndipo kilio kikaruhusiwa. Mtu aliyezikwa bila duara, watu wa nchi ile walisema bado amesimama. Hawakuwa wakimsema kwa sauti kubwa, maana walimwogopa, na walimwonea huruma pia, kwa sababu kusimama kunachosha.

Miaka ishirini na mbili Sikudhani alipeleka viti vya duara kwenye misiba ya watu. Alijua duara la tajiri na la maskini, la mtoto na la mkongwe. Viti vyake vilikuwa vimekaliwa na kila kilio cha mji ule.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya mambo kuharibika, serikali iliamuru kila mfanyabiashara akate bima. Aliyekuja kuiuza mtaani kwao alikuwa Bwana Lugendo wa Shirika la Bima, mtu mrefu mwenye viatu vya kung'aa na mfuko wa peremende.

"Mama," alimwambia Sikudhani, "biashara yako ikisimama kwa moto, tunalipa. Ikisimama kwa mafuriko, tunalipa. Hata ugonjwa wa kuambukiza ukikufungia mlango, sisi tunaufungua."

"Ugonjwa gani utafunga viti vyangu, mwanangu? Watu wakiugua watapona, tupange safu. Wasipopona, tupange duara."

Bwana Lugendo alicheka, akampa peremende mbili na karatasi kumi na tisa zenye maandishi madogo kama mbegu za mchicha.

Halafu ugonjwa ukaja.

Lakini hapana, nimekosea. Haukuja. Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Machuma, alitoka kwenye redio zote saa moja asubuhi, akaeleza vizuri kabisa:

"Ndugu wananchi, napenda kuwahakikishia kwamba ugonjwa unaosemwa na wapotoshaji haupo. Na kwa kuwa haupo, serikali yenu sikivu imeamua kuwapeni Likizo ya Furaha. Kila mtu atafurahi ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa na pua imefunikwa. Maduka yatapumzika. Harusi zitapumzika. Misiba nayo, ambayo kwa kweli haina sababu ya kuwepo, itapumzika. Atakayeonekana anafurahi nje atachukuliwa hatua."

Watu wakafurahi ndani. Walifurahi kiasi kwamba mtaani hapakusikika hata mbwa. Mtu akishikwa na kikohozi alikimbilia chumba cha nyuma akakohoa ndani ya mto, maana kukohoa kulikuwa kumepewa jina jipya katika sheria: upotoshaji kwa njia ya kifua. Jirani wa Sikudhani, Somoe, muuza maandazi, alivumbua kukohoa ndani ya debe la unga. Ilisaidia sauti, ila kila alipomaliza alitoka mweupe uso mzima, na mara mbili majirani walidhani ndiye wa kwanza kuonekana amekufa akitembea.

Wiki ya tano ya furaha, Tindwa aliamka na joto. Alihamia ghalani mwenyewe, ili asimwambukize mkewe ugonjwa usiokuwepo, akatandika godoro lake katikati ya marundo ya viti. Sikudhani alimwekea uji kwenye kizingiti. Alikuwa akisikia kifua chake kupitia ukuta: kinavuta, kinasita, kinavuta. Kilipokuwa kinasita, naye alisita kupumua. Hakumwita mganga wala daktari, kwa sababu aliyeita daktari wiki ya tatu alitembelewa na gari jeupe, na daktari mwenyewe alitembelewa siku iliyofuata.

Jumanne, saa nane mchana, kifua kilisita na hakikuvuta tena.

Walikuja watu watatu waliovaa plastiki nyeupe kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo. Walimbeba Tindwa, miguu yao ya plastiki ikipiga kelele kama mifuko ya sokoni. Karani wao alibaki mlangoni na kalamu.

"Sababu?" aliuliza. "Chagua moja. Uzee, uzembe, au safari."

"Ana miaka hamsini na sita."

"Basi si uzee. Alikuwa mzembe?"

"Tindwa? Aliandika namba chini ya viti mia mbili na arobaini!"

"Safari, basi," alisema karani kwa huruma, akaandika kwamba Tindwa amesafiri.

Siku ya tatu alipewa kipande cha bati chenye namba ya kaburi: elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Jioni hiyohiyo redio ilitangaza kwa nderemo kwamba idadi ya waliokufa nchini kwa ugonjwa ni sifuri, na kwamba sifuri hiyo ni kubwa kuliko ya majirani wote.

Sikudhani alikifunga kile kipande cha bati kwenye pindo la kanga. Viti mia mbili na arobaini vilikuwa ghalani kwake, vimeoshwa, na hapakuwa na mtu wa kukaa. Mkodisha viti mwenyewe alikuwa mfiwa pekee mjini mwenye viti vyote, na ndiye aliyekosa duara. Tangu siku hiyo, kila alipoingia ghalani mchana kutafuta kitu, mgongo ulimsisimka. Alihisi kuna mtu kule nyuma ya marundo, amejiegemeza ukutani kwa sababu miguu imemchoka. Hakuthubutu kugeuka. Alichukua alichofuata, akatoka kinyumenyume akisema, "Nivumilie, baba. Nivumilie kidogo."

Likizo ya Furaha iliisha baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Haikutangazwa kuwa imeisha, kwa sababu watu wangeuliza ilikuwa ya nini. Asubuhi moja tu askari waliacha kuwapiga waliokuwa barabarani, na watu wakaelewa.

Misiba peke yake haikufunguliwa. Amri ilisema mtu haruhusiwi kulilia msafiri.

Wafanyabiashara wakakumbuka bima. Wa kwanza kwenda kudai alikuwa Ndauka kinyozi, mtu mwenye maneno mengi na wembe mwepesi. Alijaza fomu kwa haki: ugonjwa uliingia kwangu Alhamisi, kwa mlango wa mbele, kifuani mwa mteja, ukakaa kwenye kiti cha pili, ukakohoa mara nne. Alimwambia kila mtu alivyojibu vizuri.

Somoe alikuja kwa Sikudhani mbio, ndala moja mkononi.

"Shoga, wamemchukua Ndauka!"

"Kwa lipi?"

"Kukaribisha nchini mgeni asiye na kibali. Eti mwenyewe ameandika na kutia sahihi kwamba ugonjwa uliingia kwake, na yeye akaukalisha. Nimewaona kwa macho yangu. Walimfutia mpaka povu la sabuni alilokuwa amempaka mteja. Yule mteja amebaki na ndevu upande mmoja, ameogopa kwenda kwa kinyozi mwingine!"

"Sasa waliosema haukuingia?"

"Waliosema haukuingia hawalipwi. Bima ni ya ugonjwa ulioingia."

Wakatazamana. Somoe alishikwa na kikohozi cha vumbi tu, cha mbio, lakini alikimbia nacho hadi kwao kwenye debe.

Sikudhani hakutaka kudai chochote. Ila sheria ya bima ilisema asiyedai ndani ya siku thelathini anahesabiwa kuwa amekiri hana biashara, na asiye na biashara vyombo vyake huhamia kwa taifa. Vyombo vyake vikihamia kwa taifa, duara la Tindwa litapangwa kwa nini? Hilo ndilo lililompeleka. Alijaza fomu kwa penseli kwanza, akafuta, akajaza, mpaka karatasi ikatoboka kwenye swali la saba, lile la viatu. Swali la mwisho, la arobaini na moja, lilikuwa fupi: "Unataka nini?" Chini yake paliachwa mstari mmoja. Alilitazama kwa muda mrefu, akaliacha tupu.

Wiki iliyofuata Bwana Lugendo alikuja tena, safari hii kama mkadiriaji hasara. Viatu viling'aa vilevile. Peremende hakuwa nazo. Nyuma yake, hatua chache, walisimama wale wawili wa miwani, wakafuta miguu.

"Mama, tuanze na hasara inayoonekana," alisema Bwana Lugendo, akawasha tochi mchana kweupe. "Ugonjwa ulivunja nini?"

"Haukuvunja kitu, bwana."

"Kiti hiki je? Mguu una waya."

"Huo ni wa mjomba wa bwana harusi."

Aliandika: mjomba, si ugonjwa. Kisha akafunua zile karatasi kumi na tisa hadi kwenye mbegu za mchicha za ukurasa wa kumi na nne, akasoma kwa sauti ya msomaji wa habari.

"'Shirika litalipa endapo ugonjwa umethibitika kuwa umbali usiozidi hatua ishirini na tano kutoka meza ya biashara.' Meza yako ni hii?"

"Ndiyo hii."

"Na yule… msafiri. Alijiandalia safari wapi?"

Sikudhani alionyesha kwa kidole, bila kutazama, mahali palipokuwa na godoro. Bwana Lugendo, na urefu wake wote ule, alivuta suruali juu kidogo akaanza kutembea kutoka mezani. Alitembea kama mwali anayejifunza kuvaa kanga mpya, kisigino kikigusa kidole, akahesabu taratibu mpaka akafika ukutani.

"Ishirini na sita," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Aa, mama! Ugonjwa ungejisogeza hatua moja tu, ungelipwa."

"Bwana, mimi natembea hapo kila siku. Ni hatua kumi na mbili."

Kalamu ya Bwana Lugendo ilisimama hewani. Wale wawili wakageuza miwani yao kwa wakati mmoja.

"Ndugu," alisema mmoja kwa upole, "unasisitiza kwamba ugonjwa ulikuwa karibu?"

Jasho jembamba lilimteremka Sikudhani mgongoni. Kwenye pindo la kanga kile kipande cha bati kilikuwa cha baridi kama kimetoka mtungini. Na kule kwenye kona ya ghala, aliapa baadaye kwa Somoe, alisikia mtu akivuta pumzi na kusita, kana kwamba naye anangoja jibu.

"Sisisitizi," alisema. "Miguu yangu ni mizembe. Haijui kuhesabu."

"Ahsante, ndugu," alisema yule wa miwani. Alitembea hadi jikoni, akatazama kama jiko limezimwa, akarudi. Limezimwa. Wakaondoka wote watatu.

Usiku huo hakulala, na siku nne zilizofuata kila gari lililopita lilimkaushia mate. Siku ya tano gari jeupe lilisimama mlangoni. Alizima jiko mwenyewe.

Walimpeleka kwenye jumba la Wizara ya Utulivu, chumba chenye zulia zito ambalo mtu akitembea hajisikii kama yupo. Aliyempokea alikuwa Mkuu wa Itifaki, kijana wa suti aliyesomea mbali tangu akiwa mdogo, tena kwa gharama ya taifa.

"Hongera, mama!" alisema. "Umechaguliwa."

"Nimefanya nini, baba?"

"Hujafanya kitu, ndiyo maana umechaguliwa. Tatizo ni hili. Wako wakubwa wa nje waliotia dhamana katika bima yetu. Wameandika barua kuuliza ni raia wangapi wamelipwa fidia. Tumehesabu, tumehesabu tena, tukapata hakuna. Sifuri nyingine tunajivunia, lakini hii wameikataa. Wanataka picha. Basi tutamlipa mtu mmoja. Atatosha."

"Na Ndauka kinyozi?"

Mkuu wa Itifaki alitabasamu kama hakusikia, na wale wawili karibu na mlango wakabadilisha mguu wa kusimamia.

"Wewe umependeza kwa sababu mbili," aliendelea. "Kwanza, hukusisitiza. Pili, una viti. Hafla itahitaji viti mia mbili na arobaini, na utatupatia kwa mkopo wa kizalendo. Sasa tia sahihi hapa: biashara yangu ilisimama kwa sababu ya Likizo ya Furaha. Na hapa: mume wangu amesafiri."

Sikudhani alishika kalamu. Aliwaza duara. Aliwaza mtu amejiegemeza ukutani mwaka mzima na zaidi. Kisha akawaza kiti cha pili cha Ndauka, na taulo lililoachwa likining'inia, na mkono ukaandika peke yake, kama wa mtu anayemsainia mwingine. Machozi hayakutoka. Yalijua hayana kibali.

"Hili swali la arobaini na moja uliliacha tupu," alisema Mkuu wa Itifaki. "Usijali. Tutalijaza sisi."

Siku ya hafla walikutana kiwanjani asubuhi kupanga. Mkuu wa Itifaki alikuwa na mchoro mkononi, ameuchora kwa rula.

"Safu sizitaki," alisema. "Ukiweka safu kuna wa mbele na wa nyuma, na wa nyuma watasema wamenyimwa. Mheshimiwa Waziri ataketi katikati, kwenye kiti chake kinachosafiri naye. Wananchi watamzunguka pande zote kwa upendo. Panga duara."

Sikudhani alihisi nywele zikimsimama chini ya kanga.

"Duara, baba?"

"Duara, mama. Ni mtindo wa kisasa."

"Baba yangu, viti vikikaa hivyo… huku kwetu…"

"Mama, viti ni vya kukaliwa. Havina maana nyingine."

Alitazama wapagazi. Walikuwa wenyeji wote, na wote waliinamisha vichwa wakijifanya wanafunga kamba. Hakuna aliyetaka kuwa wa kusisitiza. Basi viti vikapangwa duara, mia mbili thelathini na tisa. Cha kumi na saba kiliamriwa kibaki kwenye mkokoteni, kwa kuwa waya wake ungeharibu picha.

Wageni walifika saa tatu. Wa kwanza kuingia alikuwa Somoe, amevaa vizuri, uso haujapata unga siku hiyo. Aliingia akicheka, akaona, kicheko kikamfia mdomoni. Mkono wake ulipanda wenyewe ukavuta kanga kutoka begani hadi kichwani. Mzee aliyemfuata alivua kofia. Nyuma yao mwingine akavua. Walijipanga mbele ya viti vyao, kila mmoja mbele ya chake, kimya.

"Ona nidhamu hii," Mkuu wa Itifaki aliwanong'oneza wapiga picha.

Itifaki ilisema hakuna atakayekaa kabla ya Waziri kukaa. Basi wakasimama. Saa nne wakasimama. Saa tano jua likawakalia vichwani wakasimama. Saa sita kasoro simu ya Mkuu wa Itifaki ililia, akaisikiliza, rangi ikamtoka. Alisogea pembeni lakini sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga.

"Anakohoa? Yeye? … Hapana, hapana, naelewa, Mheshimiwa amechukua likizo. Likizo fupi ya furaha."

Neno hilo lilizunguka duara bila mtu kufumbua mdomo.

Mkuu wa Itifaki alirudi akijifuta shingo. Kiti cha Waziri kilikuwa kimebaki na Waziri. Katikati palikuwa pameachwa uwazi, na wapiga picha walilalamika kwamba unaonekana kama tundu.

"Leteni kiti! Chochote! Pasiwe wazi!"

Kilichokuwepo kilikuwa kimoja. Mpagazi alikitoa mkokotenini, akakibeba taratibu kwa mikono miwili kama anabeba bakuli lililojaa, akakiweka katikati. Mguu wa waya ulimeta juani. Mtu mmoja upande wa pili alikohoa, kikohozi kizima, bila mto wala debe, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Sasa," Mkuu wa Itifaki alitangaza kwenye kipaza sauti, na redio zote zikamchukua, "tunamwalika mama huyu, mnufaika wa bima yetu, aseme neno la shukrani!"

Walimpa bahasha kubwa kama sinia na karatasi yenye mistari tisa ya kusoma. Miguu ya Sikudhani ilimpeleka mahali alipozoea kumwona mfiwa akienda, nyuma ya kiti. Akashika mgongo wa kile kiti ili asianguke. Plastiki ilikuwa ya moto. Wale wawili wa miwani walikuwa mkono wa kulia, nao wamesimama, nao hawajakaa tangu saa tatu.

"Mimi, Sikudhani," alisoma, "natoa shukrani za dhati kwa serikali sikivu, kwa… kwa…"

Herufi zikaanza kutembea. Alisikia moyo wake kwenye spika. Alijua gari jeupe limeegeshwa wapi, alijua nyumbani jiko linawaka, ameliacha na maharage, na alijua nani atalizima. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani, hata ile Jumanne. Na nyuma yake, karibu kabisa, alimhisi mtu aliyechoka amesogea kutoka ukutani, hatua kumi na mbili, hakika kumi na mbili, akaja kusimama begani kwake.

Aliikunja karatasi. Alifungua pindo la kanga, akatoa kipande cha bati, akakiweka juu ya kiti, namba imetazama juu.

"Mama!" Mkuu wa Itifaki alimkaribia akinong'ona, na kipaza sauti kikauchukua mnong'ono wake nchi nzima. "Mama, soma! Unafanya nini? Unataka nini?"

Lilikuwa lile swali la arobaini na moja. Sikudhani aliwatazama waliosimama, mmoja mmoja, duara zima, mpaka akarudi kwa Somoe ambaye kanga yake ilikuwa imelowa mashavuni.

"Kiti hiki ni cha Tindwa, mume wangu," alisema. "Hakusafiri. Alikufa kwa ule ugonjwa, Jumanne, saa nane mchana, hatua kumi na mbili kutoka mezani kwangu. Kaeni nami."